Nyanya Aliyeombwa Apunguze Maneno

Mwandishi wa barua ya wiki hii, mama mkulima wa chai kutoka Konoin, kaunti ya Bomet, ana mtoto wa kiume wa miaka mitano aliye PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea kabla ya Gredi ya Kwanza. Mwalimu amesema mtoto huyo ni mzito, kwa kuwa haitiki akiulizwa, hataji herufi, na wenzake wakiimba yeye hutazama chini. Mama anauliza kama bonasi ya Oktoba, ambayo ni malipo ya pili ya mwaka kwa mkulima wa chai, itumiwe kumhamishia mtoto akademi ya mjini ifikapo Januari, au kumlipia tuisheni ya jioni, au kama ni heri arudishwe PP1. Kurasa mbili zilizohusu karo, nauli na sare zimekatwa, kwa sababu jambo lenyewe limo katika sentensi moja iliyopenyezwa karibu na mwisho: "Akiwa shambani na nyanya yake huongea mpaka tunachoka, lakini nyanya tulimwomba apunguze maneno ya Kikipsigis yasije yakamchanganya."

Akademi itamvika mtoto soksi ndefu na kumwacha kimya vilevile. Tuisheni kwa mtoto wa miaka mitano ni kumnyima usingizi. Kumrudisha PP1 ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Masikio yake yapimwe, kwa kuwa kupimwa hakudhuru, ingawa mtoto anayebishana na nyanya yake kutwa nzima yaelekea anasikia vizuri.

Linalostahili kusemwa bila kuzungushwa ni kwamba mtoto anayeongea mpaka watu wazima wachoke hawezi kuwa mzito, na kwamba wazazi wake, wakidhani wanamfungulia mlango wa shule, wamemfungia ule mmoja aliokuwa akiingilia. Barua inaeleza kwamba nyumbani mtoto husemeshwa Kiingereza, na mifano iliyotolewa ni kuambiwa akae, ale, anyamaze na aje. Hizo ni amri. Mzazi anayemsemesha mtoto kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hawezi kuitumia kusimulia, kutania, kueleza sababu au kubembeleza, humlisha mtoto huyo makapi ya lugha, kisha hushangaa kwamba darasani hana la kusema. Nyanya ndiye aliyekuwa na chakula kamili, naye ndiye aliyeambiwa apunguze.

Wataalamu wa elimu ya awali huzungumzia ufahamu wa sauti, yaani uwezo wa mtoto wa kutambua kwamba neno analolisema hukatika vipande, na kwamba vipande hivyo vinaweza kuchezewa hata kabla hajaona herufi yoyote. Uwezo huu hukua katika maneno ambayo mtoto tayari anayamiliki. Anayejua *teta*, yaani ng'ombe, tangu alipoanza kutambaa, anaweza kulipigia neno hilo makofi, akasikia linavyoanza na kugundua neno jingine linaloanza hivyo hivyo, kisha alama ya herufi ikija inakuta sauti inayoingoja. Anayeanza na neno la kigeni hubebeshwa mizigo mitatu kwa mara moja, yaani neno jipya, sauti mpya na alama mpya. Jambo likishaeleweka katika lugha ya kwanza huhamia katika ya pili na ya tatu, kwa kuwa kujua kwamba alama husimamia sauti ni ujuzi usiohitaji kufundishwa mara mbili.

Hesabu nayo ina ushahidi wake, tena wa kupendeza. Kwa Kikipsigis kumi na moja ni *taman ak agenge*, kumi na moja kwa maana yake halisi, sawasawa na Kiswahili, hivi kwamba mtoto anayehesabu na nyanya yake husikia muundo wa makumi kila anapofungua kinywa, ilhali neno la Kiingereza la idadi hiyo huificha kumi ndani yake. Barua inataja, kama malalamiko, kwamba wawili hao hukaa kando ya kikapu wakichambua majani kabla hayajapelekwa kituo cha kununulia: majani mawili na chipukizi huku, majani magumu ambayo karani atayakataa kule, na nyanya huuliza kila mara kwa nini hili limewekwa pale. Kupanga vitu kwa sifa zake na kutoa sababu huitwa uainishaji, nao umo katika masomo ya hesabu ya chekechea. Haisemwi hapa kwamba mtoto apelekwe kuchuma chai. Inasemwa kwamba kiganja kimoja cha majani na mtu wa kuuliza maswali vinatosha.

Wala shule haikuagiza nyanya anyamaze. Tangu kamati ya Gachathi ilipotoa ripoti yake mwaka 1976, msimamo wa Kenya umekuwa kwamba masomo ya mwanzo yatolewe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na Mtaala wa Umilisi umeuendeleza hadi Gredi ya Tatu. Katika kambi za mashamba makubwa ya Kericho, ambako wachumaji wametoka Kisii, Siaya na Kakamega, lugha hiyo kwa haki huwa Kiswahili. Katika kijiji cha Konoin ni Kikipsigis. Mama amwendee mwalimu kwa adabu, amweleze mtoto anavyoongea nyumbani, na aombe aulizwe maswali machache kwa Kikipsigis kabla neno "mzito" halijaandikwa popote. Chekechea za umma, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, zimo mikononi mwa serikali ya kaunti, na huko pia mzazi ana haki ya kuuliza.

Chini ya yote kuna aibu, nayo si ya mtoto. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyovishwa kibao kwa kosa la kusema Kigikuyu. Katika nyumba hii kibao amevishwa nyanya, tena na watu anaowapikia. Redio ya sebuleni, ikiwa nyumba hiyo inafanana na nyingine za Konoin, imefunguliwa Kass FM au Chamgei FM, vituo vinavyotangaza kwa Kikalenjin, jamii ya lugha ambamo Kikipsigis kimo, na hakuna aliyeiomba ipunguze maneno.

Bonasi ikiingia, ipumzike. Baba na mama waende pamoja kwa nyanya, wamwombe radhi na wamwombe arudishe hadithi zake za jioni na vitendawili vyake vyote. Maneno hayo yasemwe kwa Kikipsigis, mtoto akiwepo na akisikia.