Dawa ya Kunguni na Haki ya Jirani

Wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi Dubai na kulala Sharjah au Ajman, miji ya pwani ya Ghuba ambako kodi ni nafuu zaidi. Huko wageni wa mataifa mbalimbali hukaa jengo moja, na wapo wanaopanga kitanda tu ndani ya fleti yenye watu wengi. Magodoro na mabegi huingia na kutoka, na kunguni husafiri nayo. Kunguni anakera, lakini hajulikani kuwa anaambukiza maradhi. Dawa anayopigwa ndiyo inayoweza kuua familia.

Ni dawa gani?

Ni vidonge vya aluminiamu fosfaidi. Kazi yake hasa ni kufukizia nafaka ghalani, na hata huku kwetu wahifadhi mahindi wanavijua. Kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini. Hewa ya pwani ile imejaa unyevu, hasa miezi ya joto. Nchi ya Falme za Kiarabu imekataza vidonge hivi kutumiwa majumbani, lakini wapo wanaoviuza kwa siri kwa bei ndogo.

Kwa nini huumia jirani?

Mwenye kuweka dawa hufunga mlango akaenda kulala kwa rafiki. Gesi haifungiki. Hupita kwenye nyufa, matundu ya mabomba na njia za viyoyozi, ikaingia kwa jirani aliyelala na watoto wake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto. Mwaka 2019 familia moja ya wageni mjini Sharjah ilipoteza mtoto kwa dawa iliyowekwa fleti ya jirani.

Dalili zake

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kifua kubana na kupumua kwa shida. Wengi hudhani ni chakula kibaya. Watu wa nyumba moja wakianza kuumwa pamoja usiku mmoja, shuku hewa ya nyumba. Huenda ukasikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini, kwa hiyo kila dakika ina thamani.

Ufanye nini?

1. Toeni watoto na watu wote nje kwenye hewa safi. Msirudi kuchukua pasipoti wala simu.
2. Gongeni milango ya majirani mkiwa mnatoka.
3. Ombeni gari la wagonjwa kwa namba 998, na zimamoto kwa 997.
4. Mwambieni daktari waziwazi kuwa mnashuku dawa ya wadudu.
5. Mkikuta vidonge, msiviguse wala kuvimwagia maji. Maji huzidisha gesi.

Kunguni waondolewe vipi?

Joto linawaua. Fua mashuka, foronya na nguo kwa maji ya nyuzi 60, kisha zikaushe kwa joto kali. Fyonza vumbi kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda, na taka zake zifungwe vizuri kwenye mfuko na kutupwa nje mara moja. Usiokote godoro lililotupwa. Wakizidi, mwambieni mwenye jengo alete kampuni yenye kibali cha manispaa, na majirani wajulishwe kabla ya kazi kuanza. Gharama ikiwa kubwa, wakaazi wa fleti wachangiane.

Ndugu msomaji, Uislamu umetilia mkazo mno haki ya jirani, awe Muislamu au asiwe. Katika fleti jirani yako yuko nyuma ya ukuta mmoja tu, na hewa yenu ni moja. Ukiwa na ndugu huko, mpigie simu leo umuulize wanatumia nini kuua kunguni. Wabillahi tawfiq.