SAMAKI WA BWAWA: NANI ATAWALINDA?



Huku kwetu Solai, Subukia, Rongai na Njoro tuna mabwawa mengi. Yalichimbwa kwa ajili ya ng'ombe na mashamba, lakini siku hizi vijana wanavua humo tilapia na kambale. Hilo ni jambo jema. Samaki ni chakula cha mtoto na pia ni pesa za karo. Lakini mali ya wote isipokuwa na mlinzi huisha upesi.

Tujifunze kwa jirani
Ziwa Naivasha ni kubwa kuliko bwawa lolote letu. Hata hivyo, wavuvi walizidi, nyavu zikawa za matundu madogo, na samaki wakapungua mpaka serikali ikalifunga ziwa mwaka 2001. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi wavuvi walikaa bila kazi. Ikiwa ziwa lile lilichoka, je, bwawa la ekari tano?

Sheria tatu za kikundi

1. Wavu. Kule Naivasha wavu unatakiwa uwe na tundu la nchi 4. Ukitaka kupima, livute tundu mpaka linyooke, kisha pima kutoka fundo hadi fundo. Wavu mdogo hukamata samaki kabla hajazaa hata mara moja. Tena msiburute wavu kando kando penye nyasi. Dume la tilapia huchimba kiota chake hapo, na majike wa aina nyingi hubeba mayai mdomoni. Ukimtoa mama, umetoa na watoto. Pale pembeni paachwe, pawe kama chumba cha kujifungulia.

2. Chombo. Wengi wetu hatujui kuogelea, na tunaingia majini na mitungi iliyofungwa kamba au tairi la ndani la lori. Maji ya bwawa huonekana yametulia, lakini chini kuna matope na magugu yanayoshika miguu. Mtu asiende peke yake. Kila mmoja avae jaketi ya kuelea. Ikiwa hakuna pesa, afunge kifuani mtungi mtupu wa lita 5 wenye kifuniko kilichokazwa. Si sawa na jaketi, lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Nendeni asubuhi, kwa maana mchana upepo wa Bonde huamka. Mlevi asipande kabisa. Chombo kikipinduka, kishikilieni, msikiache. Aliye ukingoni atupe kamba. Asirukie majini kama hajui kuogelea, maana badala ya maiti moja tutazika mbili.

3. Ukuta. Msichimbe minyoo ya chambo kwenye ukuta wa bwawa, wala msivutie mtumbwi juu yake. Mkiona ufa au maji yanatoka chini ya ukuta, mwambieni chifu siku hiyo hiyo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai na watu zaidi ya 40 wakafa. Hatuhitaji somo lingine.

Nani atasimamia?
Afisa wa samaki hawezi kuwa kwenu kila siku. Mwiteni mara moja awaeleze kuhusu leseni, na ni samaki gani wanaofaa bwawa lenu. Baada ya hapo kazi ni yenu. Andikeni sheria katika kitabu cha kikundi, zisomwe mkutanoni, na faini iwe moja kwa wote, hata kwa mtoto wa mwenyekiti. Sheria inayomshika maskini peke yake haidumu.

Maswali ya kujadili
- Miaka mitano iliyopita samaki wetu walikuwa wa ukubwa gani? Na leo?
- Ni nani anayefaidika na bwawa letu? Ni nani aliyeachwa nje? Je, akina mama wanaoteka maji wameulizwa?
- Mtu akizama leo, kamba iko wapi?

Hilo la mwisho msilijibu kwa mdomo. Nendeni bwawani mkaangalie.