Mbwa Kijana Anayetafuna na Kutoroka
Mwongozo kwa wafugaji wa nyumbani

Kandambili zimetafunwa, mche wa mpapai umefukuliwa, na chini ya uzio kuna shimo jipya. Katika nyumba nyingi za mijini, mhusika huwa mbwa wa kati ya miezi 6 na 18, mwenye mwili wa mtu mzima na akili ya kitoto. Amefugwa awe mlinzi, kwa hiyo kutwa anashinda bandani na usiku ndipo anafunguliwa. Nguvu za mchana mzima hazina pa kutumika.

Anapotafuna

Mtoto wa mbwa ana meno 28. Kuanzia kama mwezi wa tatu hadi wa saba hung'oka, yakaota 42 ya kudumu. Fizi humsumbua, na kutafuna humpa nafuu. Baada ya hapo kinachomsukuma mara nyingi ni upweke na kukaa bure. German Shepherd, aliyekuzwa Ujerumani kwa kuchunga kondoo, huteseka hasa akinyimwa shughuli.

Kumchapa jioni kwa kiatu alichokitafuna asubuhi ni kazi bure. Hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Anajifunza tu kumwogopa mwenye fimbo. Akikutwa na kiatu mdomoni, apewe mpira mgumu badala yake na asifiwe akiupokea. Viatu viwekwe asipofika. Mifupa iliyopikwa asipewe kabisa, maana hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kazi kwanza, banda baadaye

Atembezwe kwa kamba alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali, na aachwe anuse njiani, kwa kuwa kunusa huchosha akili. Sehemu ya chakula chake inyunyizwe kwenye majani aitafute mwenyewe. Dakika 5 za mafunzo, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha kumfundisha kukaa, kusubiri na kuja akiitwa. Akitii, apewe kipande cha dagaa papo hapo.

Anapotoroka

Mwenye mbwa aanze kwa kuzunguka uzio na kutafuta njia anayoitumia.

Anayechimba huzuiwa kwa mawe mazito au wavu wa chuma uliofukiwa chini ya uzio. Kwa anayeruka, pipa na rundo la matofali viondolewe ukutani. Anayechomoka geti likifunguliwa afundishwe kukaa kwanza, na kila mtu nyumbani afuate utaratibu huo. Dume hunusa jike aliye kwenye joto kutoka mbali. Kuhasiwa na daktari wa mifugo hupunguza safari hizo. Mnyororo mfupi kutwa nzima si suluhisho, kwani humzidishia hasira.

Akirudi asipigwe. Akipigwa atajua kwamba kurudi nyumbani kunauma, na kesho akiitwa atakimbia.

Chanjo ni lazima

Mbwa anayezurura anaweza kupata kichaa cha mbwa na kukisambaza. Huko Pemba, kampeni za chanjo ziliumaliza ugonjwa huo mwaka 2014, lakini 2016 ukaingia tena, ikabidi kuchanja upya. Mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo: dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba.