Mdogo Wangu, Kicheki Kinaanzia Dukani

Mdogo wangu uliye Ucheki, barua yako nimeisoma yote. Unasema miezi inakwenda, chuoni unatumia Kiingereza, jioni unapiga simu nyumbani, na Kicheki bado kimekugomea. Unasema pia kwamba Wacheki wamenuna, hawana salamu. Kaa hapa tuzungumze, maana hapo kwenye salamu ndipo pa kuanzia.

Wacheki husalimiana, tena wanajali sana. Ukiingia duka dogo, chumba cha kusubiri daktari au lifti ya jengo unaloishi, sema "Dobrý den". Ukitoka, sema "Na shledanou". Anayepita kimya ndiye anayeonekana hana adabu. Wewe uliyelelewa kwa hodi na shikamoo, hili haliwezi kukushinda. Ila "ahoj" iache kwa marafiki na watoto. Jirani mtu mzima au karani wa ofisi zungumza naye kwa "vy", nafsi ya heshima, na usikimbilie "ty" mpaka mkubwa mwenyewe akukaribishe. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, vua viatu mlangoni. Mara nyingi utapewa ndara za kuvaa ndani.

Sasa lugha yenyewe. Wamekutisha kwamba nomino hubadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, na kwamba hali hizo ni saba. Ni kweli, na zitakuchukua muda. Lakini kumbuka ulichonacho tayari. Umekulia kwenye ngeli. Hujawahi kusema "kiti mzuri". Kicheki kina jinsia tatu, na kivumishi hufuata nomino: nový dům, nová kniha, nové auto. Hata jinsia yao ya kiume hutenganisha chenye uhai na kisicho na uhai, jambo lisilomshangaza mtu aliyezoea ngeli ya A-WA. Kwa hiyo usikariri nomino peke yake. Ikariri pamoja na kivumishi chake, na sikio lako litaanza kukufanyia kazi.

Matamshi nayo yasikukatishe tamaa. Kicheki husomwa karibu kama kilivyoandikwa, sawa na chetu. Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza. Ule mstari mdogo juu ya irabu unakwambia uivute tu. Na "ř" inayokuliza, hata watoto wao huipata mwishoni, na wengine hupelekwa kwa mtaalamu wa matamshi. Endelea kuongea, nayo itakuja.

Kuwa mwangalifu na saa. Ukiambiwa "půl osmé", maana yake ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu. Mpaka uzoee, andika tarakimu kwenye simu umwonyeshe mwenzako kabla ya kukubali miadi.

Utajifunzia wapi? Kwanza, duka la mtaani. Mengi yanaendeshwa na Wavietnamu, watu waliojifunza Kicheki ugenini kama wewe. Huko utapata tangawizi, mchele na giligilani, na utapata mtu wa kuzungumza naye kila siku. Unga wa mahindi uulizie kwa jina la kukuřičná mouka. Ni wa njano, lakini ugali unasongeka. Pili, kila mkoa una kituo cha kusaidia wageni, na vituo hivyo hutoa kozi za Kicheki bila malipo. Mtu akigeuzia mazungumzo kwenye Kiingereza, mwambie kwa upole: "Mluvte na mě česky, prosím."

Faida yake ni kubwa. Anayesoma kwa Kicheki katika chuo kikuu cha umma halipi ada ya masomo, wakati programu za Kiingereza hulipiwa. Na sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya, tukitaka ukaazi wa kudumu, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5, hutakiwa kufaulu mtihani wa Kicheki wa kiwango cha A2.

Nimalizie na moyo wako. Desemba jua la Praha huzama kama saa kumi jioni, na baridi humfanya mtu ajifungie ndani. Toka mchana, hata kwa nusu saa. Ukialikwa kwenda kuchuma uyoga au kulala kwenye kijumba cha mashambani, usikatae. Mcheki hakaribishi ovyo, na akikualika amekukubali. Huzuni ikikaa wiki kadhaa bila kukuacha, nenda kwa daktari mapema, usione haya.

Basi, mdogo wangu, wiki hii hii jiandikishe kozi katika kituo cha mkoa wako, na ununue mkate wako kwa Kicheki. Utakosea na watakusahihisha. Kubali kusahihishwa, kwa sababu lugha haimwingii anayenyamaza.