Kabla Hujachemsha Ganoderma kwa Ajili ya Ini

Ganoderma, uyoga ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, ni mgumu kama ubao. Hauungwi mchuzi. Huchemshwa, na uchemshaji ndio unaoamua utapata nini.

Ndani yake mna viambato vya aina mbili vinavyotajwa kulinda ini. Beta-glukani hutolewa kwa maji ya moto. Triterpini, zikiwemo asidi za ganoderiki, haziyeyuki vizuri kwenye maji, hutolewa zaidi kwa spiriti, na ndizo zenye uchungu. Kwa hiyo onja: unga usio na uchungu wowote una triterpini chache, hata kopo liandikwe nini. Kwenye kahawa ya ganoderma kipimo hicho hakifai, maana kahawa yenyewe ni chungu. Tafuta kwenye lebo gramu za uyoga.

Mimi ningenunua vipande vikavu. Farmakopia ya China inataja gramu 6 hadi 12 kwa siku. Katakata vyembamba, tia maji lita moja, chemsha kwa moto mdogo saa moja au mbili, kisha chuja. Dawa iliyolowekwa kwenye spiriti iache, kwani ini linaloumwa halitakiwi kuongezewa pombe.

Sehemu kubwa ya ushahidi imetokana na panya waliopewa sumu maabara. Kwa binadamu ni mdogo bado. Tena mwaka 2007 madaktari wa Thailand waliripoti mgonjwa aliyefariki kwa ini kushindwa kazi baada ya kutumia unga wa lingzhi. Ndiyo maana nasisitiza: pima ini kabla ya kuanza, rudia baada ya mwezi. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au mwili ukiwasha, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse uyoga huu bila daktari wake kujua.

Wakati huohuo, fanya yale ambayo faida yake haina shaka. Pata chanjo ya homa ya ini B. Jihadhari na sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, inayosababisha saratani ya ini na iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yaanike juu ya turubai, yakauke kabisa kabla ya kuyahifadhi. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zichambue uzitupe, wala usiwape kuku.