Maziwa ya mkebe: soma lebo kabla ya kuyatia kwenye sufuria

Kiangazi kinapokaza na mifugo kuhamishiwa mbali kutafuta malisho, maziwa freshi huwa adimu katika kaunti kame, na yale machache yanayofika sokoni hupanda bei. Nyumba isiyo na friji huumia zaidi. Hapo ndipo maziwa ya mkebe husaidia, mradi mnunuzi ajue ni yapi aliyoshika mkononi, kwani rafu moja ya duka hubeba mikebe inayofanana kwa nje tu.

Mkebe ulioandikwa "evaporated milk" una maziwa yaliyopunguzwa maji kwa takriban asilimia 60, bila kuongezwa sukari. Mkebe ukishafungwa hupashwa moto mkali ili kuua vijidudu, ndiyo maana hukaa miezi mingi bila friji. Rangi ya krimu na ladha ya maziwa yaliyopikwa hutokana na moto huo, si dalili ya kuharibika. Ulioandikwa "condensed milk" ni kitu kingine: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni sukari. Mwenye kisukari akikosea hapa, kikombe kimoja cha chai kinaweza kumpandishia sukari. Mingine, hasa ya bei nafuu, imeondolewa mafuta ya maziwa na kutiwa mafuta ya mimea. Inapikika vizuri, ila mnunuzi ana haki ya kujua analipia nini, na orodha ya viungo kwenye lebo humwambia.

Kuyarudisha katika hali ya kawaida, kikombe kimoja cha maziwa yasiyo na sukari huchanganywa na kikombe kimoja cha maji. Maji hayo yawe yamechemshwa. Maziwa safi yakitiwa maji machafu huleta kuhara kama kawaida. Kwa kipimo hicho, mkebe wa gramu 410 hutoa karibu robo tatu ya lita. Bei yake basi ilinganishwe na ya pakiti moja na nusu za nusu lita, si pakiti moja.

Kwa chai ya vikombe vinne, maji vikombe vitatu na maziwa ya mkebe kikombe kimoja yanatosha. Majani na tangawizi vichemke kwanza kwenye maji, kisha maziwa yafuate na yakorogwe, kwa sababu maziwa mazito hushika chini ya sufuria upesi. Kwenye viazi vya kuponda hutiwa bila maji, vijiko vichache tu. Uji hupokea vizuri ukishaepuliwa. Maharagwe na mchuzi wa kuku pia huyakubali mahali pa tui zito, mwishoni, moto ukiwa mdogo. Ladha ya nazi haitakuwepo, na anayedai hakuna tofauti huenda hajala maharagwe ya nazi pwani. Nyanya ziive kabisa kabla ya maziwa kuingia, na ndimu ikamuliwe mezani, la sivyo mchuzi utakatika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumpa mtoto mchanga maziwa haya kwa chupa. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee, hata maji hapewi. Maziwa ya mkebe, yawe na sukari au yasiwe nayo, hayana madini ya chuma ya kutosha, na chumvi na protini zake huzielemea figo za mtoto. Hayafai kuwa kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka. Mama anayeona maziwa yake hayatoshi afike kliniki mapema, kabla ya kwenda dukani. Mara nyingi tatizo ni namna mtoto anavyoshika titi, na hilo hurekebishika.

Mkebe uliovimba, unaovuja au wenye kutu iliyokula bati utupwe bila kuonja. Mzima usipashwe moto ukiwa umefungwa, maana unaweza kulipuka. Ukifunguliwa, maziwa yanayobaki yahamishiwe kwenye chombo safi chenye kifuniko: kwenye friji yatumike ndani ya siku 3. Pasipo friji, yapikwe siku hiyo hiyo, na familia ndogo ni heri inunue mkebe mdogo wa gramu 170 hata kama bei yake kwa gramu ni ya juu kidogo.