Kimbunga cha Tropiki Kinapoelekea Pwani ya Tanga na Visiwa Vyake

Mtahiniwa, swali la majanga ya asili huwaponza wengi kwa sababu moja: huandika kila wanachokijua kuhusu upepo na kusahau mahali walipoulizwa. Ukiulizwa kuhusu pwani ya Tanzania, usianze na Florida wala Ufilipino. Anza nyumbani. Katika somo hili tutatumia mkoa wa Tanga, kisiwa cha Pemba na visiwa vidogo vilivyo mbele ya Tanga, Pangani na Mkinga kujibu maswali mawili. Kwa nini vimbunga hufika huku mara chache? Na kwa nini uchache huo wenyewe huongeza hatari? Soma ukiwa na kalamu na karatasi, maana kuna mchoro utakaouhitaji. Tunaeleza kwa Kiswahili ili uelewe. Ukishaelewa, kuandika kwa lugha ya mtihani hakutakuwa kazi.

Kimbunga ni nini

Watu wa pwani huita kimbunga upepo wowote unaozunguka, hata chamchela inayopeperusha vumbi uwanjani. Katika Jiografia, kimbunga cha tropiki ni mfumo mkubwa wa mgandamizo mdogo wa hewa unaozaliwa juu ya bahari yenye joto na kuzunguka kitovu kimoja. Upana wake huweza kufika mamia ya kilomita. Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, mfumo hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifikia takriban kilomita 118 kwa saa. Majina hufuata alfabeti na kila msimu huanza upya na A. Kwa hiyo ukisikia Hidaya, jua ni mfumo wa nane kupewa jina msimu huo.

Injini ya kimbunga ni joto la bahari. Maji ya juu yanatakiwa yawe na nyuzi joto 26.5 au zaidi, na joto hilo lishuke chini kwa makumi ya mita. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka matone, na wakati huo huachia joto lililofichika ndani yake. Joto hilo huinua hewa zaidi, mgandamizo chini hushuka zaidi, na hewa ya pembeni huvutwa kwa kasi zaidi. Kikifika nchi kavu hukosa mvuke huo, na msuguano wa ardhi hukipunguza nguvu. Ndiyo maana hufa kikiingia bara, ingawa mvua yake huweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Kwa nini Tanga hupitwa

Fungua atlasi utazame latitudo. Mji wa Tanga na kisiwa cha Pemba viko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mji wa Unguja uko nyuzi 6 na kidogo, Mafia karibu nyuzi 8, Lindi nyuzi 10. Hewa inayovutwa kuelekea kitovu hupindishwa na mzunguko wa dunia, yaani nguvu ya Koriolisi, na nguvu hiyo ni sifuri kwenye ikweta kisha huongezeka unavyokwenda mbali nayo. Chini ya nyuzi 5 hivi ni dhaifu mno kuizungusha hewa, kwa hiyo kimbunga hakizaliwi kirahisi. Tanga imekaa mpakani pa ukanda huo. Tena vimbunga vingi vya bahari yetu huanza kwa kuelekea magharibi, kisha hupinda kwenda kusini, vikiiacha ikweta nyuma.

Hapa pana kosa linalojirudia katika karatasi za majibu: "Tanzania inakingwa na Madagaska." Rudi kwenye atlasi. Ncha ya kaskazini ya Madagaska iko nyuzi 12 kusini. Kisiwa hicho kinaweza kuikinga sehemu ya pwani ya Msumbiji, lakini mashariki ya Tanga ni bahari wazi. Kinachoikinga Tanga ni latitudo yake, na kinga hiyo si ukuta. Kimbunga kilichokwisha kuzaliwa mbali kusini kinaweza kusukumwa na mikondo ya hewa kikasogea kaskazini.

Mifano ya kukumbuka

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sultani Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili katika utawala wake. Merikebu zake ziliharibiwa bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa au kuvunjwa. Pemba, iliyo umbali wa takriban kilomita 50 tu kaskazini, haikuumia kiasi hicho, na baadaye ikawa ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu. Katika mfano huu mmoja una hoja mbili. Kwanza, upepo wa kuua hukaa katika ukanda mwembamba kuzunguka jicho la kimbunga, hivyo kisiwa kimoja kinaweza kuangamia na jirani yake akabaki. Pili, siku moja ya upepo inaweza kubadili uchumi wa visiwa kwa vizazi.

Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kiliingia Lindi. Tarehe kufanana ni sadfa. Mwezi kufanana si sadfa: mwishoni mwa kiangazi cha kizio cha kusini bahari ya pwani yetu huwa na joto kubwa.

Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu, watu wakapewa tahadhari, kisha kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifikia hadhi ya kimbunga kamili mashariki mwa pwani yetu, kikaingia Mafia tarehe 4 kikiwa kimepungua nguvu. Boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Kilwa. Kabla Mei hiyo haijaisha, mfumo mwingine, Ialy, ulipita baharini ukielekea kaskazini, na upepo wake ukafika pwani ya Kenya. Yaani ulivuka latitudo ya Tanga. Ukikutana na swali linalosema Tanga haiwezi kufikiwa, mfano wako wa kupinga ni huo.

Upepo unaodanganya

Sehemu hii isome polepole. Chora duara, katikati weka nukta iwe jicho. Katika kizio cha kusini hewa huzunguka kimbunga kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Chora mishale minne: magharibi mwa jicho mshale unapanda kwenda kaskazini, kaskazini mwa jicho unakwenda mashariki, mashariki mwa jicho unashuka kwenda kusini, kusini mwa jicho unakwenda magharibi.

Sasa weka pwani yetu upande wa kushoto wa duara, na kimbunga kije kutoka mashariki. Aliye mbele ya kimbunga atapata upepo gani kwanza? Mshale wako unajibu: upepo kutoka kusini. Mwishoni mwa Aprili, wakati wa tangambili, kaskazi imekwisha na kila mvuvi anaisubiri kusi ianze. Upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu atasema kusi imeingia mapema, naye ana uzoefu wa miaka arobaini baharini. Uzoefu huo ni wa kweli, lakini umejengwa na misimu ya kawaida. Yeye na baba yake huenda hawajawahi kuona kimbunga. Hilo ndilo jibu la swali la pili tuliloanza nalo: jambo linalotokea mara moja katika vizazi kadhaa haliachi kumbukumbu ya kutosha ya kumfundisha mtu kulitambua.

Endelea na mchoro. Jicho likipita juu ya kisiwa, upepo hukatika ghafla, pengine jua likaonekana. Watu hutoka kutazama vyombo vyao. Baada ya muda mfupi upande wa pili wa kimbunga hufika, na sasa upepo unatoka kaskazini, kinyume kabisa na ule wa kwanza. Mti uliokwisha kulegezwa upande mmoja huangushwa na upepo wa pili, na mashua iliyofungwa ikingwe na kusini hubaki wazi.

Na jicho likipita kusini mwako, kama Hidaya ilipoingia Mafia nawe uko Tanga? Uko kaskazini mwa jicho, kwa hiyo upepo utatoka magharibi, yaani bara. Bahari ya ufukweni haitainuka sana. Lakini ngalawa iliyokatika kamba haitasukumwa pwani. Itapelekwa bahari kuu. Walioko kusini mwa jicho, kwa mfano Kilwa, ndio wanaopata upepo wa kutoka baharini unaoyasukuma maji na mawingu ya mvua juu yao. Swali la "kwa nini madhara hayakuwa sawa kaskazini na kusini" linajibiwa kwa mchoro huu.

Maji ya bahari na maji ya mlimani

Upepo si muuaji pekee. Mgandamizo ukishuka kwa milibari moja, bahari huinuka kwa takriban sentimita moja, na upepo wa kutoka baharini huirundika zaidi ufukweni. Sasa ongeza kupwa na kujaa. Pwani ya Tanga tofauti ya maji wakati wa bamvua huzidi mita 3. Kimbunga kikifika wakati wa maji mafu, tena bahari ikiwa imekupwa, pwani inaweza kupona. Kikifika bamvua maji yamejaa, ni balaa. Kwa hiyo mwanakijiji wa Tongoni au Kigombe anayeuliza "mwezi uko siku ya ngapi?" anauliza swali la kisayansi. Hidaya iliingia tarehe 4 Mei, na mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Bamvua lilikuwa bado.

Visiwa kama Kirui, Kwale na Ulenge ni vya chini. Mikoko na miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi, hivyo kukata mikoko ni kuongeza hatari, na hoja hiyo itumie hata katika swali la mazingira. Maziwe, mbele ya Pangani, kiliwahi kuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Hakikuondolewa na kimbunga kimoja, bali kwa mmomonyoko, lakini kinaonyesha jinsi ardhi ya namna hii ilivyo dhaifu.

Mkoa wa Tanga una upande mwingine ambao watahiniwa huusahau. Mawingu ya kimbunga yakipanda Usambara hutoa mvua kubwa. Maporomoko ya udongo yanaweza kutokea Lushoto, na mto Pangani na Zigi ikafurika, hata kama upepo pwani ulikuwa wa wastani.

Kujiandaa

Tahadhari rasmi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), si na ujumbe unaosambazwa kwenye simu bila mwenyewe. Zipo ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kila moja hutaja mambo mawili tofauti, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si jambo dogo. Uratibu wa maafa Bara unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Zanzibar ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Fikiria sasa kambi ya wavuvi, dago, kisiwani. Tahadhari imetoka Jumatano kwamba upepo utafika Jumamosi. Siku tatu ni nyingi, na samaki wanapatikana. Asiyevua halei watoto. Na wengine wanakumbuka Jobo: tuliambiwa, hakikuja. Ukiandika tu kwamba "wananchi hupuuza tahadhari kwa kukosa elimu" umewaonea. Kupoteza mapato ya siku tatu ni gharama ya hakika, kimbunga ni uwezekano. Jibu zuri linaonyesha mvutano huo, kisha linaeleza kwa nini kuvuka kurudi bara lazima kufanyike mapema: bahari huchafuka muda mrefu kabla ya kimbunga kufika, hivyo aliyesubiri kuuona upepo hana tena njia ya kuondoka.

Mengine ni kazi ya mikono. Kuvuta ngalawa juu kupita alama ya maji ya bamvua na kuzifunga pande mbili, kuteremsha mlingoti, kung'oa injini. Kufunga mabati yaliyolegea, kwa kuwa bati linalopaa hukata. Makuti hupeperuka lakini hayaui kwa namna hiyo. Kukata matawi na kuangua nazi karibu na nyumba. Kujaza maji safi, maana kisima cha kisiwani kikiingiwa na bahari hakinyweki kwa muda. Kuchaji simu, kununua betri za redio, kufunga vyeti kwenye nailoni. Kuchagua mapema jengo imara lililo juu, na kujua nani katika mtaa ni mgonjwa, mzee au mjamzito, asije akakumbukwa wakati upepo umeshaanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia latitudo, eleza kwa nini Lindi imo hatarini zaidi ya Tanga.
2. Chora kimbunga cha kizio cha kusini. Jicho linaingia Pangani. Onyesha mwelekeo wa upepo katika mji wa Tanga na Bagamoyo, kisha taja mji utakaopata bahari kuinuka zaidi.
3. Mzee wa kijiji anasema: "Huu ni kusi, nimeuona mara nyingi." Ni tarehe 28 Aprili na TMA imetoa tahadhari kubwa. Andika maneno utakayomwambia, ukitumia hoja mbili za kijiografia na bila kumvunjia heshima.
4. "Madagaska huikinga Tanga." Kosoa kauli hii.
5. Tahadhari imetolewa, kimbunga kikadhoofika baharini. Je, tahadhari ilikuwa kosa? Tetea jibu lako kwa mfano wa mwaka 2021 na wa 2024.